Mwalimu wa Mambo Ambayo Hayakutokea

Ndugu waombolezaji mliokusanyika hapa Doornfontein, Johannesburg, naitwa Emery, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba nieleze maisha ya dada yetu, Mwalimu Célestine Nabintu, jinsi alivyoyaishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1970 huko Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Octave na Mama Jeannine, akasoma shule ya msingi na sekondari mjini humo, ambako mtawa mmoja Mjapani aliyefundisha hisabati alimwonyesha jinsi ya kuandika jina lake kwa herufi za kwao, na tangu hapo akawa anamfuata kila Jumamosi, mpaka wazazi wakadhani anataka utawa. Mwaka 1994 alihitimu masomo ya lugha huko Lubumbashi.

Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu Évariste, fundi cherehani, na tarehe 11 Februari 1996 wakampata binti yao wa kwanza, Murielle. Septemba mwaka huo dada alipata nafasi ya kusoma Japani, Évariste mwenyewe akamshauri asiiache, naye akaondoka, mtoto akabaki na baba yake. Mwezi uliofuata vita viliingia Bukavu, watu wakakimbia kwa miguu, na tarehe 20 Novemba Murielle akafariki njiani kwa homa, akazikwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kupatambua tena.

Habari zilimfikia dada mwezi Januari, hakuwa na pa kurudi, akaendelea na masomo, na utafiti wake ulihusu namna Wajapani wanavyolisema jambo ambalo lingaliwezekana lakini halikutokea. Hakutueleza kwa nini alichagua hilo, nasi hatukumuuliza.

Alimfuata mumewe, aliyekuwa amekimbilia hapa Johannesburg, mwezi Juni 2001, na kabla hawajatoka uwanja wa ndege Évariste alimwambia, "Kama ungalibaki, Murielle angalikuwa hai." Waliishi chumba kimoja kwa miaka mitatu wakiulizana chumvi na funguo tu, na nayasema haya kwa sababu shemeji mwenyewe ameniomba nisiyafiche.

Mwaka 2004 dada alianzisha darasa la Kijapani katika ukumbi wa kanisa, na Évariste akawa anakuja kumsubiri, maana njia haikuwa salama. Siku moja dada alikuwa akieleza maneno "nokoreba yokatta", yaani kubaki kungalikuwa bora, mwanafunzi akamuuliza, "Mwalimu, nani ambaye angalibaki?" Akajibu kwamba kitenzi chenyewe hakimtaji mtu, na kwamba mara nyingi Mjapani akisema hivyo anajisikitikia mwenyewe, lakini sisi wenye Kiswahili hatuna budi kuchagua, ni mimi, ni wewe au ni sisi, ndipo sentensi ianze. Évariste akasimama kule nyuma, kofia mkononi, akasema mbele ya wote, "Tungalijua, Célestine. Tungalijua." Dada akaweka chaki chini, akaliaga darasa, wakaenda nyumbani, na huko, kwa mara ya kwanza, wakamlilia mtoto wao pamoja.

Tarehe 3 Mei 2006 alizaliwa Chloé, tuliye naye hapa, ambaye mama yake alimsemesha Kiswahili naye akamjibu Kizulu. Mwaka 2007 marehemu aliajiriwa kuwa mhadhiri chuo kikuu, Braamfontein, na wanafunzi wake mnaujua ukali wake, mnaijua na sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyowapikia kila mlipomaliza mitihani.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Chloé alilia pale hospitalini akisema, "Eish, Mama, tungekuja mapema," naye akamjibu, "Mwanangu, tulikuja tulipojua. Niletee chai." Alifariki Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, asubuhi, Évariste akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa ghorofa yetu waliotupikia tangu siku ya msiba, Wakongo kwa Watanzania, Wakristo kwa Waislamu, wahadhiri wenzake, na wanafunzi waliosafiri kutoka mbali ili kumsindikiza.

Dada Célestine, kazi umeifanya, watu wako tumekuja, pumzika sasa kwa amani.