Papa Télesphore na Viwavi wa Kilima Kimoja

Goma, 29 Novemba 2024. Mwisho wa Desemba Papa Télesphore Habarurema anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika labo yetu ya kuchunguza wadudu waharibifu, na miaka ishirini na minane tangu akimbie vita kwao Jomba kwa miguu.

Aliajiriwa kuchunguza fukusi wa maharagwe. Kiwavi jeshi alipovamia mahindi yetu, Papa Télesphore alijifunza upya ukubwani: akawa anasoma ADN, yaani vinasaba, ya viwavi ili kujua koo zao na wapi zimetokea. Kila msimu alipanda kilima kilekile cha Masisi kuwaokota. Alkoholi ya labo ilipokwisha, aliwahifadhi katika kanyanga, pombe kali ya kienyeji, aliyoinunua sokoni. Tulimcheka sana, na kweli wengi waliharibika.

Mwaka jana kilima hicho kilipokea familia zilizokimbia vita Bunagana. Msimu uliofuata mahindi yaliliwa hadi bua. Wenyeji wakasema kiwavi amekuja ndani ya mbegu za wageni. Papa Télesphore alipofika, vijana walikuwa wameshika mapanga, na chifu wa kilima anamngoja.

"Papa, wewe uko mutu wa masomo. Sema tu ndiyo, bale bageni bende kwabo, tumalize."

"Sijapima. Siwezi kusema ndiyo."

"Basi unasema hapana?"

"Na hapana pia sijapima."

Akawaomba wasubiri, kisha akaenda kulala kwa zile familia. Viwavi wapya, ndani ya chupa ya kanyanga, alimpa Samy, dereva wa pikipiki, awafikishe labo kwa mwenzetu Rosette Nyiransengimana, awalinganishe na wale wa zamani, waliookotwa kabla ya wageni kufika.

Karibu na Katindo, hapa Goma, askari mmoja wa kizuizini alinusa chupa. "Kumbe kanyanga! Leta hapa."

"Kunywa tu, chef. Na nyama iko ndani."

Askari alipoona kinachoelea, alimfukuza Samy kwa matusi.

Umeme ulikatika, Rosette akafanya kazi kwa jenereta. Viwavi wa zamani waliosomeka walikuwa wachache, lakini walitosha: koo zilezile zilikuwa kilimani kabla ya wageni. Papa Télesphore aliwasomea watu wa kilima matokeo hayo, kisha akaongeza jambo ambalo sisi wote tulimsihi alinyamazie: hawezi kuapa kwamba hakuna nondo hata mmoja aliyetoka Bunagana, maana nondo hubebwa na upepo.

Ndipo chifu akawageukia vijana: "Sasa upepo nao mutaukata na panga?"

Familia zilibaki, zikapanda tena.

Juzi tulimuuliza kama sasa atakwenda kupumzika kwao Jomba. Shamba la baba yake huko linalimwa na watu waliokimbia vita kama yeye. "Nikifika pale," alisema, "bo bataenda wapi?"

Asante, Papa, kwa kutufundisha kungoja kipimo. Mungu akupe uzee wenye utulivu hapo mtaani Majengo, pamoja na mkeo Mama Bénita na wajukuu.

Jomba hatarudi.