Maisha ya Mu Lanh, Aliyekataa Kicham Kuitwa Mtoto wa Kimalay

Makuhani wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Hamu Tanran, walimu, na wageni mliotoka mjini, akiwemo yule bwana aliyekaa karibu na shada lake la maua, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili. Anayewasomea ni Mu Thin, binti kitindamimba wa marehemu, na kwa kuwa marehemu alichukia habari zilizopakwa sukari, atasoma mambo yalivyokuwa, na atakayechomwa avumilie.

Marehemu Luu Thi Lanh, ambaye jina hilo lilijulikana kwenye karatasi za serikali tu, kwa kuwa sisi sote tulimwita Mu Lanh, alizaliwa tarehe 17 Machi 1951 hapa hapa Hamu Tanran, akiwa wa pili kati ya watoto wanne wa Mu Kiem, mkulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1957, akaendelea na sekondari mjini Phan Rang, ambako alipigwa fimbo mara mbili kwa kosa la kusema Kicham, lugha yetu, uwanjani, akamaliza mwaka 1969, na mwaka 1971 akahitimu ualimu na kurudi kufundisha kijijini kwao. Tarehe 9 Mei 1974 aliolewa na Ja Tiem wa kijiji cha Caklaing, aliyehamia nyumbani kwetu na nguo zake na zumari lake, mtu mpole kupita kiasi, na wakajaliwa watoto watatu, Mu Hoa mwaka 1976, Ja Rai mwaka 1979, na huyu anayesoma, mwaka 1984. Baba alifariki mwaka 2011, na mifupa yake ikarudi kwa ukoo wa mama yake kama mila yetu inavyotaka.

Mnamo Oktoba 1978 alifika shuleni mkaguzi mmoja, ambaye jina lake tunamwachia mwenyewe, mtu aliyewahi kufanya kazi melini na kuokota Kimalay bandarini, na alipowasikia watoto wakitaja macho, mwezi na jiwe kwa Kicham, alicheka hadi akashika tumbo.

"Mwalimu, hiki si Kimalay kilichopondwapondwa tu? Wafundishe watoto kitu kizima!"

"Na wewe ukifanana na binamu yako," marehemu akamjibu mbele ya darasa zima, "nani kamzaa mwenzake?"

Watoto waliangua kicheko, na jibu hilo lilimgharimu uhamisho, maana kufikia Januari 1979, akiwa na mimba ya Ja Rai, alikwishapelekwa shule ya mlimani kwa jirani zetu Waraglai, adhabu iliyoitwa mahitaji ya kazi. Ndiko alikojifungua, na aliyempokelea mtoto ni Bi. Kator Thi Soi, mkulima wa mahindi, wa ukoo ule ambao kila mwaka, siku za Kate, sikukuu yetu ya mababu, hushuka na mavazi ya Mama wa Nchi, mungu wetu wa kike, wanayotutunzia, na kutukabidhi kwa heshima, kisha sisi tukishakula na kucheza ngoma tunasahau hata kuwauliza wamelala wapi. Bi. Soi yupo hapa, amekaa na ukoo, amefunga kitambaa cheupe kama sisi.

Huko mlimani marehemu alianza daftari la kwanza, upande huu Kicham, upande ule Kiraglai, na hapa hatutamficha, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha. Kila neno la Kiraglai lililotofautiana na la kwetu alilipiga kalamu nyekundu kama kosa la mwanafunzi. Siku moja Bi. Soi, ambaye hajui kusoma lakini nyekundu anaijua, alilitazama lile daftari.

"Dada, mbona yangu yote umeyapiga nyekundu? Nimefeli mtihani gani?"

"Si wewe, mdogo wangu, ni lugha yenu, imeharibikaharibika."

"Ala! Bwana wa mjini amekutukana wewe, halafu umepanda mlima wote huu kuja kunitukana mimi? Hebu niambie, kwenu nyumba ya mama anaachiwa nani?"

"Kitindamimba."

"Na sisi Waraglai mnatuitaje kila Kate?"

"Wadogo zetu. Vitindamimba."

"Basi mkitaka kujua mama alisemaje, si mtuulize sisi tuliobaki na vyombo vyake?"

Marehemu alisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akishika uso kwa aibu. Aliliacha daftari lile, akaanza jipya kwa kalamu moja ya bluu, na kwa miaka ishirini na minane, hata baada ya kurudishwa kijijini mwaka 1981, alipanda kwa Bi. Soi kila likizo, mmoja akisema na mwingine akiandika, wakibishana mpaka mahindi yanaungua. Mwaka 1988 walisafiri pamoja hadi Cheo Reo kuyafuata maneno ya Wajarai, ndugu zetu wa nyanda za juu, na kuanzia 1993 marehemu aliandikiana barua na mwalimu mmoja wa Aceh, ng'ambo ya bahari, barua mbili kwa mwaka, hadi Desemba 2004 bahari ilipoivamia Aceh, na tangu hapo hakupata jibu, ingawa aliendelea kuandika kwa miaka mitatu.

Walichokipata wawili hao kinaelezeka kwa yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kicham. Jiwe kwetu ni batau, Aceh batèe, kwa Wamalay batu, na hata Bukini, kile kisiwa kikubwa cha mbali pwani ya Afrika, ni vato, lakini kufanana si kuzaa. Bibi aliyezizaa lugha hizi alikufa zamani sana, hakuna aliyemsikia, na mabinti na wajukuu wake walitawanyika kwa bahari kila mmoja na njia yake, Kimalay akiwa binti wa mama mdogo, tajiri, anayejulikana bandari zote, Kiaceh akiwa ndugu yetu wa karibu aliyehamia mbali, na sisi, pamoja na Wajarai, Warade na Waraglai, tukiwa tumbo moja. Binamu kuwa tajiri hakumfanyi kuwa mama yako.

Mwaka 2007, baada ya kustaafu, marehemu alipeleka kazi hiyo kwenye ofisi moja ya vitabu mjini, ukurasa wa kwanza ukiwa na majina mawili, Luu Thi Lanh na Kator Thi Soi. Mwaka 2009 kitabu kilitoka, na jalada likasema Kicham, Mtoto wa Kimalay, ndani yake Kiraglai kikaitwa lahaja iliyochakaa, na jina la Soi halikuonekana hata kwa darubini. Marehemu alipanda basi siku hiyo hiyo.

"Mama yangu," akaambiwa, "mtu asiyejua kusoma atakaaje kwenye jalada la kitabu?"

"Hajui kusoma, anajua kusema. Kitabu hiki ni cha nini, cha kusoma au cha lugha?"

Wakamletea chai. Kwa miaka minane iliyofuata alikuwa akiingia kila shule na kila ofisi yenye nakala, anaomba kuiona, kisha anaandika jina la Soi jaladani kwa mkono wake, na walipomtishia kumshtaki kwa kuharibu mali ya umma aliwauliza tarehe ya kesi, ili avae vizuri.

Mwaka 2017 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara nne. Agosti mwaka huu wajumbe wa ofisi ile walikuja hadi kitandani na habari njema, kwamba kitabu kitachapwa upya na jalada litasema ndugu badala ya mtoto.

"Umeshinda, mama."

"Na Soi?"

"Tutamshukuru ndani, kwa maneno mazuri."

"Ndani wapi? Jikoni? Nendeni, chai mtaikuta mbele."

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi. Soi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia masahihisho yake, majirani waliochinja mbuzi na kupika, walimu wenzake, na makuhani. Tunaishukuru pia ofisi ya mjini kwa shada la maua. Lakini jana, kabla maiti haijaoshwa, yule bwana aliyelileta alimfuata Mu Thin na karatasi ya kutia saini ili ofisi iyachukue madaftari ya marehemu, kwa kuwa amesoma mahali kwamba kwa Wacham nyumba na vyote vilivyomo huachiwa kitindamimba. Amesoma vizuri. Ni kweli madaftari yote ishirini na matatu yalikuwa ya Mu Thin, na leo asubuhi, mbele ya makuhani hawa, amemkabidhi Bi. Kator Thi Soi, na sasa hivi yako njiani kupanda mlima. Anayetaka saini akamwombe yeye. Hajui kuandika, bwana, kwa hiyo utakaa chini, utamsikiliza hadi amalize, na utaandika anachosema.

Lala, Mama, umechoka. Ugomvi tuachie sisi.