Klachi, Mpiga Gitaa Aliyekataa Kupunguza Sauti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kule nyuma mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa: kaeni vizuri hapa makaburini. Mimi ni mjomba wa marehemu, kaka wa mama yake. Nimepewa kusoma maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilimjua kabla hajaota meno. Ya pili, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Shule sikumaliza, kwa hiyo mkisikia sentensi imepinda iacheni, itanyooka mbele ya safari.

Niseme mapema kwamba kulikuwa na wasifu mwingine. Uliandikwa na kaka yake mkubwa, ambaye ni mhasibu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kwa maneno safi yaliyopigwa pasi. Ulisema marehemu alikuwa "fundi umeme mwenye bidii aliyependa muziki wakati wa mapumziko." Nilipousoma nikauliza, "Tunamzika nani? Mbona huyu simjui?" Mpwa wangu akanijibu, "Mjomba, gitaa ndilo lililomuua. Halitatajwa, na makaburini halitapigwa." Basi huu mnaousikia ni wasifu wa pili, na gitaa nimeshalitaja. Kuhusu kupigwa, vuteni subira, tutafika.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Februari 1965, mtoto wa pili wa fundi magari na mshona nguo, katika chumba cha nyuma ya gereji ya baba yake. Upande huu wa ukuta cherehani ya dada yangu, upande ule nyundo za shemeji yangu, na mtoto katikati. Alilia, hakusikika. Akaongeza sauti. Watu wanasema alizaliwa mkaidi. Uongo. Alizaliwa jirani na nyundo.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1972, akaingia sekondari mwaka 1979. Gitaa la kwanza nilimpa mimi. Naomba liandikwe kwa wino mzito. Halikuwa na nyuzi hata moja, lakini gitaa ni gitaa. Na pa kuweka vidole vya kwanza nilimwonyesha mimi. Pa kuweka vya pili alinionyesha yeye.

Nyuzi alizitafuta gerejini. Kulikuwa na pikipiki inangoja matengenezo, na kijana akaona waya wa klachi ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Akausokotoa kwa uvumilivu ambao hakuwahi kuutumia kwenye hesabu. Jioni mwenye pikipiki akaja kuichukua. Akabana mkono wa klachi, ukalegea kama salamu ya mnafiki. Wakati huohuo muziki ukaanza kusikika kutoka chumba cha nyuma.

"Huo muziki unatoka wapi?" akauliza.

Shemeji yangu, mtu asiyejua kudanganya, akajifuta mikono polepole. "Nadhani, mwalimu, unatoka kwenye klachi yako."

Naam, mwenye pikipiki alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari. Asubuhi yake, mbele ya shule nzima, kijana aliambiwa aombe radhi na alisalimishe gitaa. Akasema, "Kwa waya nimekosa, nisamehe, mwalimu. Gitaa halikukosa." Akarudishwa nyumbani na mikoba yake. Masomo yake rasmi yakaishia hapo, mwaka 1981, na jina la Klachi likaanzia hapo. Lile la kuzaliwa alibaki nalo mama yake peke yake.

Mwaka 1982 aliingia uanagenzi wa umeme, na hapa kaka yake hakusema uongo: alikuwa fundi hodari. Wengi wenu mmewasha taa asubuhi ya leo kwa mkono wake. Lakini mwaka 1986 alianzisha bendi, Radi Kavu, pamoja na seremala mmoja aliyepiga besi na kinyozi mmoja aliyepiga dramu. Wamekaa pale mbele, mmoja mvi, mwingine kipara. Kinyozi ndiye mwenye kipara.

Enzi hizo watu walitaka nyimbo za kuchezea. Klachi akawaletea bluzi na roki. Aliuvuta uzi mmoja na kuupinda mpaka ukalia kama mtu anayekataa kubembelezwa. Wiki za mwanzo ukumbi ulikuwa na watu wachache, nami nikiwemo, tena nilikaa mbele. Baadaye watu walisimama madirishani. Mwenye ukumbi alimfuata jukwaani, akamwambia, "Klachi, punguza sauti, wateja hawasikilizani." Akamjibu, "Wanaotaka kusikilizana waende nyumbani." Wakaitikia kwa makofi, na hakuna aliyeondoka.

Wageni hawajui sheria ya Radi Kavu, kwa hiyo nawaeleza. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, na bendi nyingine zilifunga virago. Klachi, fundi, alitengeneza amplifaya yake mwenyewe, akaipa mkia wa nyaya mbili wa kushika betri ya gari. Taa zikizimika aliita, "Gari la karibu, fungua boneti!" Gari lililoegeshwa karibu zaidi na mlango ndilo lililotoa betri, awe nalo diwani, awe nalo muuza mkaa. Hakuna aliyeruhusiwa kukataa. Watu walikuja mapema wagombanie kuegesha mlangoni. Hiyo sheria ishikeni, msiiachie.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Agosti 1992. Mkewe ni mwalimu wa hesabu. Klachi aliitwa kutengeneza taa ya darasa lake, akaitengeneza, akabaki amesimama chini yake na bisibisi mkononi. Mwalimu akamuuliza, "Fundi, taa si inawaka? Mbona huondoki?" Akasema, "Naangalia kama itaendelea kuwaka." Maneno hayo nilimfundisha mimi, ila yeye aliyatumia vizuri zaidi. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1995.

Sasa pombe. Kamati ilinishauri niseme "changamoto za kiafya." Changamoto gani inayouzwa kwa chupa? Klachi alikunywa. Alikunywa akishangiliwa, akaja akanywa akizomewa. Mwaka 1998 aliivunja amplifaya yake kwa teke katikati ya harusi ya watu, akamtukana kinyozi, bendi ikasambaratika. Siku ya kwanza ya binti yake shuleni, baba hakuonekana. Mkewe alifunga nguo kwenye mabegi mawili, akaenda na mtoto kwa mama yake, nami nilimbebea begi moja, kwa sababu haki ni haki hata kwa mpwa. Miaka hiyo gitaa lilining'inia ukutani kwangu. Nataka mwenyekiti anisikie hapa: alipokunywa zaidi ndipo alipopiga kidogo. Mwaka ule alioanguka kabisa hakuligusa.

Aliacha pombe mwaka 2009. Hakutoa hotuba. Alikuja kwangu mchana, amenyoa, amekonda, akasema, "Mjomba, nipe gitaa langu." Nikampa. Akaenda nalo hadi mlangoni kwa mama mkwe wake. Mkewe akatoka, akamtazama juu mpaka chini kama mtihani wa kusahihishwa. Akasema, "Chupa kwangu haiingii. Gitaa liingie, tena lipige kila siku, nijue uko chumba gani."

Amplifaya aliitengeneza upya, na kuanzia hapo nyumba ile haikunyamaza. Majirani mliopiga hodi kulalamika, najua mko hapa, na najua baadhi yenu mliishia kuketi.

Mwaka 2017 alipata kiharusi. Vidole vya mkono wa kushoto, vile vya kubana nyuzi, vikakakamaa. Daktari, kijana mpole, alimwambia, "Mzee, mshukuru Mungu kwa uhai, gitaa lisahau." Daktari alipotoka, Klachi akanigeukia na mdomo uliopinda. "Mjomba, kaniletee soketi namba kumi na nne, ile ya kufungulia nati, kwenye sanduku la spana la marehemu baba." Nikadhani kiharusi kimepanda kichwani. Nikaileta, pamoja na gitaa lake. Akakivalisha kidole kimoja kile kichuma kama pete ya ndoa ya pili, akalegeza nyuzi na kuzifunga upya ili zilie bila kubanwa, akaanza kukitelezesha juu ya nyuzi hizo. Gitaa likaimba kuliko zamani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza, "Huyu anapona, au ndiyo kwanza anaanza?"

Binti yake alijifunzia pale, kando ya kitanda. Leo ni mchomeleaji vyuma mchana, na jioni anapiga gitaa. Anapiga vizuri. Hilo nalo ni damu ya ujombani.

Lakini pombe ilikuwa imeacha bili yake ndani ya mwili. Mwaka jana ini lilianza kushindwa, miguu ikavimba, macho yakawa manjano. Kaka yake alikuja kumwona kila Jumapili na matunda, hilo tusimnyime. Jumapili ya mwisho alimwambia, "Mdogo wangu, acha hizo kelele upumzike." Klachi akacheka. "Nitapumzika sana, kaka. Ngoja kwanza nimalizie huu." Alifariki Ijumaa asubuhi, tarehe 3 Mei 2024, nyumbani kwake, kwenye kochi la sebuleni, mkewe akiwa jikoni. Mkewe hakuitwa na mtu. Alisikia kimya, akajua.

Jana tulikaa kikao cha mwisho. Mwenyekiti akarudia amri yake: gitaa hapana. Binti akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana, nimeshakunja hadi mikono ya shati, ila mjane akanitangulia.

"Shemeji," akasema, "mimi nahesabu kwa kazi, kwa hiyo nisikilize. Gitaa halikumuua mume wangu. Pombe ilimuua, na gitaa likamchelewesha miaka kumi na tano. Miaka yote hiyo nilijua yu hai kwa sababu nilimsikia. Sasa mnataka nimshushe kaburini kimyakimya. Nitajuaje kama ni yeye?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta kasoro kwenye hesabu, "Makaburini kwenyewe hakuna umeme."

Kinyozi akamwambia, "Sheria unaijua."

"Kesho gari la karibu litakuwa la nani?" akauliza mwenyekiti.

Tukamtazama wote. Mwenyekiti wa kamati ndiye huongoza msafara. Mwenyekiti ndiye huegesha kwanza.

"Betri msiimalize," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Nitarudije nyumbani?"

Binti akamshika mkono. "Tutakusukuma, baba mkubwa."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili wanaogombania kijiti cha dramu hivi tunavyozungumza, kaka mmoja, wenzake wawili wa Radi Kavu, na mjomba mmoja hodari. Ameacha pia gitaa, na halijastaafu.

Binti wa Klachi, mjukuu wangu, soketi ya babu yako hii hapa, njoo uichukue mkononi mwangu. Seremala, kinyozi, simameni. Mwenyekiti, mpwa wangu, gari la karibu ni lako: fungua boneti.

Apumzike kwa amani Klachi, mwana wa dada yangu. Na anayeona tunapiga kelele, aende nyumbani.