Dada Yetu, Mama Mkwe wa Fundi Bomba

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Wa kati alitangulia angali mchanga, hivyo nimebaki mimi, mdogo wake wa kiume, ninayewasomea haya.

Baada ya shule ya msingi alijiunga na chuo cha ushonaji, akamaliza mwaka 1975 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza, alisema hadi uzeeni, alikuwa na mkasi mzuri zaidi.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, akapanda hadi kuwa msimamizi. Msichana akiharibu mshono, dada hakumkaripia. Alisubiri wote watoke, akaufumua, akaushona upya, na kesho yake akamsifu mwenye kazi. Tulimpenda kwa hilo. Ila wapo waliokaa pale miaka na miaka wakaondoka hawajui kutia zipu, nao wamo humu leo na wanajijua.

Aliolewa mwaka 1981 na dereva wa lori, marehemu shemeji yetu. Walijenga nyumba, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji alipofariki mwaka 2009, nyumba ilishaanza kuzeeka na mabomba kuvuja. Dada akawa anauliza kila mtu: fundi wa kuaminika yuko wapi? Mmoja alipewa koki mpya akafunga kuukuu. Mwingine alibomoa ukuta, akaaga kwenda kula, hakurudi. Basi binti alipoolewa na fundi bomba mwaka 2013, tulishangilia. "Umelamba dume," nilimwambia dada. "Fundi ndani ya nyumba!"

Mkwe ni kijana mwenye adabu, lakini kazi haijui. Bomba alilofunga lilishika siku chache, kisha likatiririka. Dada hakuwahi kumwambia. Alimwita kimyakimya fundi mzee wa mtaa wa pili, kazi ikarudiwa yote. Nilimuuliza kwa nini asiseme.

"Fundi mbaya unamfukuza," alinijibu. "Mkwe nitamfukuzia wapi? Nikimvunja yeye, nimemvunja mtoto wangu."

Kijana naye akaamini kazi yake inadumu. Hata wateja aliwaleta jikoni kwa mama mkwe wajionee.

Mwaka jana yule mzee alihamia mbali, kwa watoto wake. Mwezi Mei mwaka huu mkwe alifunga upya bomba la chini ya sinki. "Mama, hiyo ni ya kudumu. Sahau kabisa." Dada akamjibu, "Ahsante mwanangu, umeniokoa." Asubuhi ya tarehe 3 Juni alikuta maji yametapakaa sakafuni, akateleza, akavunjika nyonga. Kitandani hospitalini alimwambia mkwe kwamba ameteleza kwa sabuni. Kwa kulala tu kitandani mapafu yakaugua, akafariki tarehe 19 Juni 2024.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Juzi fundi mzee alifika msibani, akamshika binti mikono akilia. "Ningekuwepo, mwanangu! Kila mume wako alipotoka, mimi ndiye niliyeingia kurudia." Mkwe alikuwa nyuma yao, amebeba viti.

Tangu hapo binti hajamsemesha mumewe. Jana aliniambia, "Mjomba, kwenye huo wasifu mtoe huyo." Kijana analala nje, ndani ya gari lake, na chakula tunachompelekea kinarudi kama kilivyokwenda.

Wapendwa, nimekata tamaa. Dada aliumeza ukweli miaka yote hiyo ili ndoa hii isimame, na ndoa inaanguka kabla kaburi lake halijafukiwa. Sijui la kumwambia binti. Sijui la kumwambia kijana, maana hakuna aliyewahi kumwambia lolote.

Lakini kumtoa siwezi. Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, na mkwe ambaye hadi pumzi ya mwisho alimwita mwanangu.

Yeye apumzike kwa amani, maana kwetu sisi haipo.