Nesi Kwanza, Daraja Baadaye: Maisha ya Vaike Mägi

Ndugu, jamaa na majirani wa Tuulelaid, na ninyi mliovuka maji asubuhi hii kuja kumsindikiza, mimi ni Ilmar Pihlak, mdogo wake marehemu, mhandisi wa barabara na madaraja kwa miaka arobaini, na nasoma hapa kwa amri yake mwenyewe, kwa kuwa aliniambia, "Usome wewe, wewe ndiye uliyenibishia kuliko wote, hakuna atakayesema umenipendelea." Naomba mnivumilie, nitasoma polepole, na yamo mambo mawili matatu ambayo baadhi yenu hamtayafurahia.

Marehemu Vaike Mägi, ambaye kabla ya ndoa aliitwa Vaike Pihlak, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa hapa kisiwani, katika chumba cha mashariki cha nyumba yetu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Aadu Pihlak na mama Leena, wote wameshatangulia, na mimi nikamfuata miaka sita baadaye katika chumba hicho hicho. Alikuwa na umri wa miaka minne askari wa mpakani wa utawala wa wakati ule walipokuja ufukweni na mashoka na kuipasua mashua ya baba, ili asije akatorokea nchi ya nje, na tangu hapo hadi tulipokuwa watu wazima tulihitaji kibali ili kurudi nyumbani kwetu wenyewe. Mtu aliyelelewa hivyo hatishwi na barua yenye muhuri, na wale waliokuja kumwandikia barua zenye muhuri wangejua hilo mapema, wangeokoa wino wao.

Alisoma shule ya msingi ya kisiwa hiki kuanzia Septemba 1954 hadi Juni 1962, shule ambayo leo ni nyumba ya wageni wa majira ya joto, kisha akaenda bara kwa masomo ya sekondari, na mwaka 1965 akajiunga na chuo cha uuguzi mjini Tartu, alikohitimu mwezi Juni 1968 akiwa wa pili katika darasa lake, jambo ambalo lilimuudhi maisha yake yote, maana aliyekuwa wa kwanza, alisema, alikuwa anaogopa damu. Walimu walimtaka abaki mjini, akakataa, na tarehe 1 Septemba 1968 alifungua mlango wa zahanati ya Tuulelaid, chumba kimoja chenye kabati la dawa na jiko la kuni, akakaa humo miaka thelathini na minne. Aliwapokea watu sabini na mmoja walipozaliwa, wengine wao wamo humu kanisani, wana vitambi na mvi, na kila mmoja wao aliwahi kufokewa naye kwa sababu ya presha.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa katika kanisa hili na Kalju Mägi, fundi wa injini wa kivuko chetu, ambaye alikuja zahanati mara tatu akilalamika jino, na mara ya tatu marehemu akamwambia meno yake yote ni mazima, kama ana neno lingine aliseme, kuna watu kwenye foleni. Walijaliwa binti mmoja, Riina, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1972, anayeishi Turku, Ufini, pamoja na wajukuu wawili, na wote watatu wapo nasi leo.

Sasa nafika mwaka 2002, na hapa naomba utulivu. Mwezi Septemba mwaka ule halmashauri yetu, ambayo makao yake yako bara, iliamua kwamba watu mia tatu hawahitaji nesi wao, ikaifunga zahanati, na dawa zote, mtungi wa oksijeni na mashine ya kushtua moyo vikatiwa katika maboksi na kupakiwa kwenye kivuko, Kalju akiwa zamu ya injini siku hiyo. Tarehe 14 Februari 2003, saa saba na dakika kumi mchana, Kalju alianguka kwenye banda la kuni, na barafu juu ya bahari ilikuwa nyembamba mno kubeba gari na nene mno kupitisha kivuko, na dada yangu, nesi mwenye cheti na uzoefu wa miaka thelathini na minne, alipiga magoti juu ya maganda ya miti akamkandamiza mumewe kifua kwa mikono mitupu mpaka mwisho.

Baada ya hapo lilianza suala la daraja, na sitaficha kwamba mimi ni mmoja wa waliolianzisha. Nilichora nguzo zake za kwanza, kilomita kumi na moja kutoka gati letu hadi bara, nikamletea ramani jikoni kwake, nikamweleza kwamba maji haya ndiyo yaliyomuua Kalju na kwamba ni dhambi kuyaacha hivi hivi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kahawa, na nilipoondoka alinifungia samaki wa moshi wa safarini kwa ramani yangu mwenyewe.

Tarehe 17 Aprili 2005 uliitishwa mkutano katika ukumbi wa shule ya zamani, na Bwana Tarmo Vesik, mwenyekiti wa halmashauri wakati ule na hata leo, alipendekeza kwamba daraja likijengwa liitwe Daraja la Kalju, ili asife mwingine kwa kungoja, na watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Ndipo marehemu akasimama mahali pake, bila kipaza sauti, akauliza, "Tarmo, gari la wagonjwa likitoka mjini likapita kwenye hilo daraja lako, litafika kwangu baada ya muda gani?" Bwana Tarmo akajibu kwa heshima, "Dakika thelathini na tano, mama Vaike, zikizidi sana arobaini." Akasema, "Kalju nilikuwa naye dakika kumi na tisa. Sasa piga hesabu, hilo gari lako lingemkuta nani. Mashine ya kumzindua ilikuwa ukutani kwangu hatua mia mbili kutoka bandani, ikaondoka Septemba ndani ya boksi, na sahihi kwenye ile karatasi ni ya kwako. Mume wangu msimtaje tena kwenye daraja lenu." Kisha akaketi, na kikao kikaahirishwa, na mimi nilirudi mjini siku ile ile bila kumuaga kwa sababu niliona aibu.

Wapo waliosema baada ya hapo kwamba Vaike ni mchungu, kwamba analipinga daraja kwa huzuni tu, na wengine wakamwita mama wa zamani, na kuna mmoja, hayupo leo, aliyeandika gazetini kwamba anataka tubaki na mitumbwi. Uongo mtupu. Alikuwa na gari kabla ya yeyote kati yenu, na aliliendesha vibaya. Alichokisema, kila mahali na kwa kila mtu, kilikuwa ni kimoja, "Nileteeni nesi kwanza, halafu jengeni mpaka Uswidi mkitaka," kwa sababu alikwisha kutembelea visiwa vitatu vilivyopata daraja, akahesabu milango iliyofungwa, ya zahanati, ya posta, ya shule, na kila mlango ulikuwa na tangazo lenye maneno yale yale, kwamba huduma sasa inapatikana ng'ambo, njia ipo.

Kuanzia Juni 2005 alipanda kivuko kila Jumatatu, akaenda kukaa kwenye korido ya halmashauri na sindano zake za kufumia, hamwombi mtu kitu, anafuma tu, na kila karani aliyepita bila kumsalimia alifumiwa jozi ya glavu za sufu na kukabidhiwa mbele ya wenzake, hadi majira ya baridi jengo zima lilikuwa limevaa glavu zake na hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Jumatatu ya sabini, mwezi Oktoba 2006, maboksi yalirudi. Zahanati ilifunguliwa siku tatu kwa wiki, yeye mwenyewe akarudi kuwa nesi wake, na mwezi Machi 2009 mashine ile ile ilimrudisha duniani Bwana Heino Tamm, mwenye duka, ambaye ameketi pale safu ya pili na ambaye hadi leo ndiye mpigania daraja mkubwa kuliko wote, na marehemu hakuwahi kumkumbusha, alimwambia tu apunguze mafuta ya nguruwe.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2014 na kumwachia kazi nesi kijana, Triin, aliyevumilia miaka sita na ushee katika chumba kilicho juu ya duka, bila jiko lake, hadi alipopata mtoto mwaka 2021 akahama, na hatumlaumu. Tangu hapo halmashauri imetuandikia kila mwaka kwamba nafasi ya nesi ipo, nyumba ya kumweka nesi haipo, na kwamba daraja likipita suala hili litakuwa limejimaliza lenyewe. Kwa miaka hiyo mitatu mama wa miaka sabini na kitu amewapima presha jikoni kwake, bila ruhusa ya mtu, na anayetaka kumshtaki sasa amechelewa.

Mwezi Januari mwaka huu 2024 madaktari walimweleza kwamba moyo wake umetanuka, na tarehe 26 Oktoba alianguka bustanini wakati wa kuchuma matufaa, jirani akapiga simu, na helikopta ikatua katika malisho ya Heino baada ya dakika ishirini na mbili. Nataja dakika kwa makusudi, maana nimesoma ilivyoandikwa kwamba Vaike ni mwathirika mwingine wa maji. Bahari ilikuwa shwari, kivuko kilikuwa gatini, dada yangu alikuwa na miaka sabini na saba na moyo mgonjwa, na aliaga dunia kitandani, katika hospitali mjini Tallinn, Jumapili tarehe 3 Novemba 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi na Riina tukiwa tumemshika mikono.

Asubuhi hii, pale gatini, nilipewa karatasi niisome hapa, na ndani yake iko sentensi isemayo kwamba katika siku zake za mwisho marehemu alilikubali daraja. Imo mfukoni mwa koti langu, nayo itabaki humo. Nilikaa naye siku nane, mimi mtu wa daraja, na nilimuuliza, maana hata mimi nilitamani jibu hilo, naye akafumbua macho akaniambia, "Mdogo wangu, wamesema nyumba ya nesi haipo. Waondolee hilo neno mdomoni." Nyumba aliyoitaka ilikuwa ile ya wazazi wetu, nusu yake na nusu yangu, na nusu yake alikwisha kuiandikia jumuiya ya kisiwa kwa ajili ya nesi, Riina akaridhia, ikabaki sahihi yangu.

Nilikataa. Siku tatu nilikataa, nawaambia wazi, kwa sababu mwakani nastaafu na nilikwisha kuchagua mahali pa kuweka kitanda changu, kwenye chumba cha mashariki, na nilimwambia hana haki ya kunifukuza nilikozaliwa. Akanijibu, "Utakuja kulala kwa nesi kama wagonjwa wengine, kitanda kitakuwepo." Tarehe 30 Oktoba nilitia sahihi, nikatoka nje kwenye maegesho ya hospitali nikalia kama mtoto.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi wa Tallinn, rubani wa helikopta, wafanyakazi wa kivuko walioshusha bendera nusu mlingoti, majirani waliotandaza matawi ya misonobari kutoka nyumbani hadi makaburini, akina mama walioandaa meza ya msiba, mchungaji wetu, na Triin, aliyesafiri na mtoto wake kutoka mbali. Jumapili ijayo mtapiga kura kuhusu daraja, na mimi sina kura hapa, ningekuwa nayo ningepiga ya ndiyo, lakini kila mtu apige kwa jina lake mwenyewe, wala si kwa jina la Kalju, wala la Vaike.

Bwana Tarmo, nakala ya hati ya nyumba ya nesi hii hapa. Nyumba ina vyumba vinne, paa zima, sauna ya kuoga mvuke, mitufaa kumi na miwili na jiko ambalo nimeliwasha leo alfajiri, na tukitoka makaburini utaipokea mkononi mbele ya watu hawa wote, kisha utatuambia nesi anakuja lini, sisi tutangoja tukiwa tumesimama. Pumzika kwa amani wewe, dada yangu Vaike, sisi wengine tusipumzike mpaka aingie.