Lwaboshi wa Mboko na Kijiko cha Sita

Marehemu Mzee Lwaboshi alizaliwa Mboko, Fizi, tarehe 14 Machi 1953, kando kabisa ya ziwa Tanganyika. Mama yake alikuwa akianika ndagala, dagaa wa kwao, mchangani uchungu ulipomshika. Wazee walisema mtoto alilia mara moja tu, kisha akageuza shingo kutazama maji. Asiyeamini akawaulize wazee hao, wote wameshafariki.

Alisoma madarasa manne katika shule ya misheni. La tano alilisomea ziwani. Mwalimu alimfuata ufukweni na fimbo, akarudi na mikebuka wawili, samaki wanono wa ziwa lile, na fimbo akaisahau hukohuko.

Tangu 1969 kazi yake ilikuwa kuvuta ndoano. Si ile ya kukaa na kungoja. Mtumbwi unakwenda polepole, mwendo wa bibi harusi akiingia kanisani, na kamba ndefu inafuata nyuma na kipande cha chuma kinachong'aa. Kamba haifungwi popote. Inapita juu ya kidole, na kidole njo kinasoma: ndicho kinachojua chuma kinachezaje. Chuma kikicheza vizuri, kamba inatetemeka kama shavu la mtoto anayetaka kulia.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Rosalie, huko Uvira. Kati ya zawadi zote za arusi, kilichovuka vita vya 1996, na Tanzania, na kufika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tarehe 2 Juni 2008, ni vijiko sita vya chuma.

Dzaleka haina maji ya kumtosha bata. Marehemu akageuka fundi cherehani, akashona sare za shule Area 36, Lilongwe, mpaka 2023 wakimbizi walipoitwa kurudi kambini. Jirani yake, kambini na Area 36 pia, alikuwa Mzee Sinzinkayo wa Rumonge, Burundi, ng'ambo ya Mboko, naye mvuvi wa zamani. Miaka kumi na sita alimchoma kwa neno moja.

"Papa Lwaboshi, we uko muvuvi wa mudomo. Taa za mitumbwi ya Mboko nilikuwa naziona toka kwetu. Zilikuwa za bantu bamelala."

Januari 2025, hospitali moja ya Lilongwe ilikuta ini lake limeharibika. Walimpa miezi, si miaka. Watoto wake, Mathilde na Cadeau, walimkataza hata kuvuka ua.

"Papa, utatufia mu maji."

"Nilitoroka risasi, nikatoroka kipindupindu. Nitakufa, sawa. Lakini sitakufa muvuvi wa mudomo."

Alitaka kitu kimoja: avute kamba mara moja tena, safari hii katika ziwa la Malawi, Sinzinkayo akiwa shahidi. Akaenda mwenyewe kuomba ruhusa ya kutoka kambini. Karani akamuuliza anakwenda kumtembelea nani.

"Ziwa."

"Agogo, babu yangu, ziwa ni ndugu yako?"

"Njo baba yangu mudogo. Tanganyika njo alinizaa."

Karani alicheka mpaka akafuta macho, akaandika siku tatu: Ijumaa tarehe 9 Mei hadi Jumapili tarehe 11, saa kumi na mbili jioni awe amerudi.

Nyumbani alichukua kijiko cha sita, akakata mpini, akatoboa matundu mawili, akatia ndoano.

"Unaharibu seti yangu," mkewe alisema.

"Vijiko iko sita, Mama Mathilde, na siye tuko babili."

"Basi ukirudi bila samaki utakula na mukono."

Wazee hao wawili walifika ufukwe wa Salima Ijumaa jioni, wakakodi mtumbwi wa injini. Mwenye mtumbwi alikuwa Mmalawi mpole, akawaambia kwamba mpasa, samaki mkubwa wa ziwa lile, majira hayo hukaa karibu na mdomo wa mto. Marehemu hakusikia. Kwao kamba huvutwa kilindini, basi Jumamosi nzima alivuta kilindini, na akapata majani. Sinzinkayo aliyahesabu kwa sauti.

Jumapili mpaka saa tatu, bado majani. Hapo alifanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona katika miaka arobaini na sita ya ndoa: alimgeukia mwenye mtumbwi, akamshukuru kwa lugha yake akasema, "Zikomo. Nipeleke pale ulisema."

Walipita mbele ya mdomo wa mto mara mbili. Mara ya tatu kamba ilikata kidole mpaka damu. Mtumbwi ulirudi nyuma hatua kumi, injini ikisukuma mbele. Sinzinkayo anasema hatua tatu. Mkewe hakuwemo, lakini anamjua mume wake: ni kumi. Marehemu hakutaka msaada. Alivuta kwa mikono ile ambayo juzi yake haikuweza kufunga kifungo cha shati, na akampakia.

Kwao mvuvi hali samaki wake wa kwanza katika maji mapya. Humpa aliyemtilia shaka. Kwa hiyo alimkabidhi Sinzinkayo mpasa mzima. Saa kumi na moja na nusu walikuwa Dzaleka, na kufika Jumatatu mchana samaki ameshaliwa kwa Sinzinkayo, hakuna jirani aliyemwona.

Sinzinkayo alipoulizwa na majirani alionyesha kidole chake cha mwisho. "Alipata hiki." Kambi nzima ikacheka. Mkewe alitaka kwenda kumng'oa meno.

"Muache," marehemu alisema kitandani. "Samaki iko ndani yake. Siku moja itatoka."

Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, kidole kikiwa kimeinuliwa juu ya shuka kama mtu anayesikiliza kamba.

Saa tano samaki alitoka. Mzee Sinzinkayo aliingia msibani akilia. "Mama, nilimusemea uongo. Nisamehe." Akaambiwa msamaha upo, ila utatolewa kaburini, mbele ya watu wote.

Basi hapa, kaburini, anayesoma wasifu huu anyamaze. Mzee Sinzinkayo asimame, anyooshe mikono yote miwili, aonyeshe urefu. Asiharakishwe. Waliocheka watazame vizuri.

Marehemu ameacha mjane, Rosalie; watoto wawili, Mathilde na Cadeau; wajukuu saba; jirani mmoja; na vijiko vitano. Cha sita kiko mfukoni mwa koti alilovishwa marehemu, na ndoano yake.

Baba, pumzika kwa amani. Kamba usiifunge.