Sifuri Alizotoa Mwalimu wa Uraia

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliosoma kwake: wasifu mlioushika mkononi si ule wa kwanza. Wa kwanza aliuleta nyumbani juzi afisa elimu, umepigwa chapa vizuri, unasema marehemu "aliitumikia shule kwa uaminifu hadi alipostaafu." Mjane aliusoma amesimama mlangoni, hata kumkaribisha hakumkaribisha, akamrudishia karatasi yake. "Alistaafu lini, baba? Maana mimi nilikuwa naishi naye na sikupata habari." Afisa akageukia watu akasema mama ana uchungu, tumwache apumzike. Uchungu anao, ndiyo. Na akili anazo. Kazi ya kuandika akampa wifi yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea hapa, na sharti lilikuwa moja: habari ya zile sifuri isemwe yote, hadharani, kabla marehemu hajazikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1949, mtoto wa tatu wa karani wa stesheni ya treni na mkewe muuza maziwa. Alikuwa mbishi tangu anatambaa. Akitumwa dukani huuliza kwanza kwa nini asitumwe mkubwa wake, na akishajibiwa huenda mbio na kurudi mbio, wala haibi sukari njiani kama sisi wengine. Hakuwa mkaidi. Alitaka tu aambiwe sababu, na mama yetu, ambaye alikuwa na ng'ombe wa kukamua na hana muda wa mahojiano, alikuwa akimwambia, "Sababu ni kofi. Unalitaka?"

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1971. Chuoni alikosa ukiranja baada ya kumuuliza mkuu wa chuo, mbele ya wageni, inakuwaje mabweni hayana maji na bustani ya mkuu imestawi vile. Wageni walicheka. Mkuu hakucheka. Marehemu alifyeka nyasi za uwanja mzima kwa swali lile, na alikuwa akisimulia hadi uzeeni kwamba maji ya bweni yalirudi wiki ile ile.

Februari 1972 alipangiwa kufundisha Uraia na Historia katika shule ya sekondari ya wavulana hapa mjini. Mliosoma kwake mnakijua kipindi chake kilivyoanza. Aliingia na uso mkavu akasema upuuzi, halafu akasubiri. "Kuanzia kesho serikali imeamua jua lichomoze saa nne. Andikeni." Aliyeandika alifuta ubao wiki nzima. Aliyenyanyua mkono akasema, "Mwalimu, hilo haliwezekani," aliambiwa atoe sababu, na akiitoa vizuri aliitwa raia. Ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo mdomoni: "Huyu sasa raia." Watu wazima humu, wenye vitambi na mvi, bado wanakumbuka siku waliyoitwa hivyo.

Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kushonea mkabala na lango la shule. Posa yake ilikuwa kituko. Alipeleka suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha ipunguzwe tena, akairudisha mara nyingine, mpaka fundi akaweka mkasi chini. "Mwalimu, ikipungua tena utaivaa mkononi. Sema kilichokuleta." Akasema. Walijaliwa watoto watatu, na kifungua mimba wao, wa kiume, alirithi ubishi wa baba na mikono ya mama. Huyo tutamfikia.

Kisha vikaja vita. Shule ikageuka kambi bila mtu kuuliza. Mkuu wa shule alileta bunduki za mbao, na mstarini asubuhi badala ya matangazo zikawa nyimbo. Vipindi vya Jiografia vikawa vya kuchimba mahandaki nyuma ya vyoo. Kitabu cha Uraia kikabadilishwa, na kile kipya kilikuwa na jibu moja kwa kila swali: kutii. Ikatoka na amri. Mvulana anayemaliza kidato cha nne anatoka chumba cha mtihani anapanda lori la jeshi. Asiyemaliza anaachwa. Na hakuna kumaliza bila kufaulu Uraia. Aliyefeli Uraia anarudia mwaka. Walitaka wanajeshi waliopimwa uzalendo, eti.

Mwaka wa kwanza wa amri ile, 1992, marehemu alisahihisha kwa haki, kama alivyozoea. Vijana wakafaulu. Malori yalisogezwa hadi mlangoni, wakapanda kalamu zikiwa bado mifukoni, na walimu wakapunga mikono. Hata mvua za kwanza hazijaisha, majina yao yakaanza kusomwa mstarini, ya waliokufa. Mkuu wa shule alisoma kila jina, kisha akaamuru wanafunzi wapige makofi. Makofi! Kwa watoto waliokuwa wamemfutia mtu ubao mwaka uliopita. Marehemu alirudi nyumbani siku ile akakaa na koti lake, hakulivua, chakula kikapoa. Mkewe alimuuliza anaumwa nini. "Nimewafaulisha," akasema.

Mwaka uliofuata, 1993, kidato cha nne kizima kilipata sifuri ya Uraia. Kizima. Wenye akili na wajinga, waliosoma na waliolala. Malori yakaja, yakaondoka na walinzi wake tu. Na mnajua afisa elimu wa wakati ule alifanya nini? Alimpongeza! Alisema hapa sasa yupo mwalimu anayejua kipimo cha uzalendo. Marehemu alishikwa mkono mbele ya walimu wenzake, akasema asante.

Lakini mtaa haukumpongeza. Wazazi walikuwa wamejinyima kusomesha, wakaona watoto wao wanafanywa mabwege na mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu. Ndipo mkampa lile jina, Mwalimu Sifuri. Lilianza kwa watoto, likaingia kwa mama zao, likafika hadi sokoni. Mlimpopoa mawe juu ya paa. Mlango wa chumba cha cherehani ukachorwa duara kubwa kwa rangi nyeupe, na wateja wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili ambaye, tuseme ukweli, hajui hata kutia vifungo. Msiinamishe vichwa. Mlikuwepo.

Naye alinyamaza. Hakumwambia mtu. Kijana mmoja akijua, darasa zima lingejua, na darasa likijua, jeshi lingejua kesho yake. Hata mkewe hakuambiwa. Aligundua mwenyewe, kwa suruali. Wavulana wale wale walirudi kidato kile kile huku miguu inarefuka, wakawa wanamletea awashushie pindo, na yeye alikuwa akizishusha bure. Siku moja akiwa na pini mdomoni akamwambia mumewe, "Baba, hawa watoto hawajafeli. Umewaficha." Marehemu akamwangalia. "Mama, ukijua itabidi udanganye. Niachie mimi, nimeshazoea." Akarudi kunyoosha shati lake.

Kifungua mimba wao alikuwa katika darasa lile. Alikuwa wa kwanza darasani, na baba yake alimpa sifuri kama wenzake. Mkuu wa shule alisoma alama mstarini, na alipofika kwa mtoto wa mwalimu alirudia mara mbili ili kila mtu acheke vizuri. Kijana alikuja nyumbani na karatasi yake. "Baba, nionyeshe swali moja nililokosea. Moja tu, nami nitarudia." Baba yake, aliyekuwa akimsumbua mama yetu ampe sababu ya kwenda kununua chumvi, akamjibu, "Rudia mwaka." Kijana akasubiri. Hakuambiwa zaidi. Wiki ile ile alihamia kwa mjomba wake mji mwingine, akaandikishwa shule ya huko, akafanya mtihani wa Aprili ambao shule hiyo iliwapa wanaorudia, akafaulu kwa alama za juu. Akapanda lori. Alikufa tarehe 3 Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Hatukuletewa hata kiatu.

Hapa msomaji wenu hatapamba maneno. Wifi yangu, huyu mjane, alimwambia marehemu, sisi sote tukisikia, "Ungemwambia!" Akajibu, "Angewaambia wenzake." Wifi akasema, "Huyu? Huyu aliyeficha homa yake ili mimi nilale? Uliwaokoa watoto wa watu kwa kuwanyamazia, wako ukamnyamazia hivyo hivyo, kama hukumzaa." Kwa miaka ishirini na mitano marehemu hakulipata jibu lake. Tunamheshimu na tunamkasirikia kwa hilo, yote mawili, na tumekuja nayo yote hapa. Kuanzia siku ile hakujitetea tena mbele ya mtu yeyote kwa jambo lolote. Wengi mkadhani hana la kusema.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alitoa sifuri tena, kidato kizima. Mara hii malori yalipoondoka matupu, wakubwa wakashtuka. Januari 1995 alifukuzwa kazi kwa "kuwadhulumu wanafunzi haki ya kumaliza masomo." Kitumbua kikaingia mchanga, akafukuzwa hata katika nyumba ya shule ndani ya wiki moja. Lakini vita vilikwisha miezi michache baadaye kabla hawajapata mwalimu mwingine wa kuwafaulisha vijana wale. Hukumu ile haijafutwa hadi leo. Ndiyo iliyoitwa kustaafu katika karatasi ya juzi.

Miaka iliyobaki alikaa katika chumba cha cherehani akipiga pasi sare za watoto wa shule ile ile iliyomfukuza, na mteja akiingia aliambiwa upuuzi kwanza ili abishe. Na wale vijana? Wapo. Wakakua, wakaoa. Waliofaulu mwaka ule wa kwanza wako wapi, mnajua wenyewe. Waliopewa sifuri wakafanya hesabu hiyo taratibu, kila mtu kwa wakati wake, wakaelewa. Halafu wakafanya nini? Wakanyamaza! Kwa sababu kusema "aliniokoa" ni kusema kwanza "nilipata sifuri," na wengine walikuwa wameshawaambia wake zao kwamba vyeti viliungua vitani. Mmoja wao, mwoka mikate, alikuwa akileta mkate mlango wa nyuma. "Mwalimu, asante, ila watoto wangu hawajui," akasema. Marehemu akamwambia hakuna neno. Kuna neno! Na wewe afisa elimu wetu wa leo, uliyekaa mstari wa mbele na miwani yako, dawati lako lilikuwa dirishani, na aliyekushushia pindo la suruali ndiye huyo uliyemletea habari za kustaafu. Ulikalia kiti chenye uwezo wa kulisafisha jina lake, ukaona aibu.

Mwaka 2016 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa hospitali ya mkoa, ambako aliwachosha madaktari kwa maswali. Daktari mmoja kijana alimwambia, "Mzee, wewe meza tu dawa." Akambishia hadi akaelezwa kila kidonge kinafanya nini, ndipo akavimeza vyote bila kinyongo. Hali ilibadilika mwezi uliopita. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, asubuhi, mkewe akiwa kando ya kitanda anamshonea kifungo cha pajama.

Ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, wajukuu, na dada mmoja mwenye mdomo. Kifungua mimba wake alimtangulia. Ameacha pia nyinyi, na watoto wenu mliowaleta hapa, ambao wasingezaliwa.

Chama cha walimu kimeomba heshima ya kubeba jeneza. Mjane amekataa. Vijana wa mtaa nao wamejitolea. Ameshukuru, akawaambia wakae. Amesema watambeba wale aliowapa sifuri, mbele ya wake zao na watoto wao, au hatabebwa. Amekaa pale kando ya jeneza, mnamwona, na msomaji wenu anamjua tangu mwaka 1974: hatanyanyuka.

Yale maneno ya amani mnayosubiri tuyaseme yatasemwa akishafika kaburini, na hawezi kufika mwenyewe. Aliyepewa sifuri asimame.